Kaburi Refu la Kichanga

"Mzee, yule dereva wako alikuwa gerezani."

Mwenyekiti hakuinua macho. Alikuwa akimenya chungwa kwa kisu kidogo, na ganda lilishuka kutoka mkononi mwake kama utepe mmoja usiokatika. Hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote tangu chama cha ushirika kilipovunjika, lakini cheo kilikuwa kimemganda kama chokaa ukutani, na ukoo mzima ulimwita hivyo.

"Dereva gani?"

"Yule wa lori, uliyeniambia alitoroka na shemeji yako." Mpelelezi alitoa karatasi katika mkoba wake, akaiweka mezani kando ya maganda. "Nimewapata watoto wake. Wamenionyesha hati aliyopewa alipofunguliwa. Aliingia gerezani kabla shemeji yako hajaondoka nyumbani, akatoka mwaka uliofuata. Mtu aliyefungwa hatoroki na mke wa mtu, Mzee. Akibahatika sana hutoroka peke yake."

Mshonaji, aliyeketi karibu na mlango, alichekea puani. Ndiye aliyemkodi Mpelelezi. Alikuwa na cherehani mbili, wajukuu watatu na mvi za kutosha, lakini katika sebule hii bado alipewa kigoda, kwa sababu viti vilikuwa vya wakubwa.

"Cheka tu," Mwenyekiti alimwambia. "Kama hakuwa huyo, alikuwa mwingine. Malori yalikuwa mengi."

"Kwa hiyo Babu, sasa tuwatafute madereva wa nchi nzima?"

"Lisemwalo lipo, mjukuu wangu."

"Na lisilosemwa je?"

Mpelelezi aliinua kiganja na Mshonaji akanyamaza. Katika jeshi la polisi, alikostaafu akiwa na cheo cha inspekta, Mpelelezi alikuwa amejifunza kwamba shahidi mwenye hasira husema mengi, lakini mteja mwenye hasira huharibu yote.

Kesi yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko mteja. Bibi yake Mshonaji, mama mzazi wa baba yake, aliondoka nyumbani siku moja mchana, akaacha mtoto wa kiume wa miaka minne, na hakurudi. Mumewe, kaka yake Mwenyekiti, alikuwa mbali, kwenye kazi ya reli. Aliporudi aliambiwa kwamba mkewe ametoroka na mwanamume. Mtoto aliyeachwa alikua, akaoa, akamzaa Mshonaji, akazeeka na kufa, akiamini kwamba mama yake alimtupa. Tangu bibi aondoke, kila msichana wa ukoo aliyebishana na mkubwa aliambiwa, "Umefanana na yule aliyetoroka." Mshonaji aliambiwa hivyo alipomkataa mchumba aliyechaguliwa. Binti yake aliambiwa hivyo alipokwenda kusomea ufundi wa magari.

Sasa ukoo ulikuwa unasimamisha jiwe la kumbukumbu ya waliotangulia, na kanuni aliitunga Mwenyekiti mwenyewe: jina lisiandikwe mpaka ijulikane mwenyewe amezikwa wapi. Kikao kizima kilipiga makofi. Mshonaji hakupiga. Alisimama, akasema, "Basi kaburi nitalitafuta," na watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Mchongaji alikuwa amekwisha kuanza mistari ya juu, na alasiri ya leo angepokea orodha ya mwisho. Jiwe likishawekwa saruji, hakuna jina lingine litakaloingia.

"Tuanze upya," Mpelelezi alisema. "Siku aliyoondoka, wewe ulikuwa wapi?"

"Uani. Nilikuwa kijana, natia mpini kwenye jembe."

"Ulimwona?"

"Kwa macho yangu haya. Alitokea mlango wa mbele, mchana kweupe, kichwa juu. Mama yangu akamwambia, 'Ukivuka kizingiti hiki, usirudi.' Akavuka."

"Mama yako alikuwa anamkataza kwenda wapi?"

Kisu kilisita. Ganda la chungwa likakatika.

"Kwenda popote. Mke wa mtu haendi bila ruhusa."

"Alikwenda mbio?"

"Mbio za wapi! Alitembea pole pole. Anasimama, anashika ukuta, anaendelea. Madaha matupu. Alitaka tumwone."

"Alibeba nini?"

"Furushi."

"La nguo zake?"

"Nguo gani? Vitambaa. Alichana mashuka makuukuu juma zima, akayafua, akayaanika, kamba yote ikawa yake. Mama akamwuliza, je, mashuka yamekukosea nini?"

Mpelelezi aliandika neno moja, akafunga kalamu. Mwenyekiti alitazama kalamu ilivyofungwa na hakuipenda.

"Na wewe mama, umeulizauliza vya kutosha," alisema. "Wewe si wa ukoo huu."

"Ndiyo maana sina wa kumficha."

"Mchongaji ananingoja alasiri. Mkija na kaburi, karibuni. Mkija na maneno, mbaki nayo."

Mshonaji aliinuka kwenye kigoda, akakisukuma kwa mguu hadi ukutani. "Tutakuja, Babu," alisema. "Utuwekee kiti."

*

Njiani Mpelelezi alipanga kazi yake kwa sauti, kama alivyozoea.

"Mtu anayetoweka huacha alama polisi, hospitalini au makaburini. Polisi nimekwisha kwenda. Hakuna aliyeripoti. Hilo peke yake linanishangaza. Mke akitoroka kweli, wakwe huja kituoni wakipiga kelele, wanataka arudishwe. Hawa walikaa kimya."

"Na hospitali?"

"Karatasi za miaka ile zimeliwa na mchwa. Wamenionyesha mabaki. Mchwa wamekula hata kabati."

"Basi yamebaki makaburi."

"Makaburi hayaliwi na mchwa," Mpelelezi alisema, kisha akafikiri kidogo. "Angalau yale ya mawe."

Ofisi ya makaburi ya manispaa ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nyavu, meza mbili na redio iliyokuwa ikitangaza mpira. Karani aliipunguza sauti bila kuizima.

"Karibuni, mama zangu. Mnaleta au mnatafuta?"

"Tunatafuta."

"Afadhali. Leo nimechoka kupokea."

Mpelelezi alimpa jina la bibi na mwaka. Karani alishusha daftari nene, akapuliza vumbi upande usio na watu, akaanza kushuka na kidole. Alishuka kurasa kadhaa. Kisha kidole kikasimama.

"Huyu hapa."

Mshonaji alishika ukingo wa meza. "Wapi?"

"Jina lenyewe, mwaka wenyewe. Kitalu A, karibu kabisa na lango. Mama, bibi yako alikuwa anakungoja hapo hapo mlangoni, na wewe unazunguka!"

Mshonaji alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea nje. Mpelelezi hakutikisika.

"Umri?" aliuliza.

"Umri... sabini na kitu. Mwandiko wa mtu huyu, Mungu amsamehe."

"Aliyeleta maiti?"

"Mjukuu."

"Rudi ukae, dada," Mpelelezi alimwambia Mshonaji. "Bibi yako aliondoka akiwa na mtoto wa miaka minne. Wa miaka sabini hazai wa miaka minne. Na mjukuu wake wa kwanza ni wewe, na wakati huo ulikuwa hujazaliwa."

"Huenda karani wa siku hizo alikosea."

"Umri anaweza kukosea. Mjukuu hawezi kumtunga. Huyo ni bibi wa watu. Tumwache apumzike."

Mshonaji alirudi, akakaa, akakunja mikono. Redio ilishangilia goli, Karani akaitupia jicho, kisha akaona aibu.

"Niambie mnavyoandika," Mpelelezi alimwambia. "Si siku hizi. Zamani."

"Zamani ilikuwa rahisi, Afande." Mtu akimsikia Mpelelezi akiuliza maswali mawili, kabla ya la tatu humwita Afande. "Kaburi moja, mstari mmoja. Anayeleta maiti anakuja na kibali cha hospitali, anataja jina, karani analiandika. Hatufunui sanda kuhakiki."

"Asipotaja jina?"

"Anarudi nalo jeneza lake."

"Akitaja jina la uongo?"

"Halilingani na kibali. Anarudi vile vile."

Mpelelezi aligongagonga meza kwa ncha ya kalamu.

"Kwa hiyo tuseme mimi nina maiti ya mwanamke, na nimetumwa jina lake lisionekane popote. Siwezi kutaja jina lake, wala siwezi kutunga. Nahitaji jina lingine la kweli, lililomo kwenye karatasi ile ile ya hospitali." Alimgeukia Mshonaji. "Babu yako, mume wa bibi. Jina lake kamili?"

"Babu hayupo hapa. Babu alizikwa nyumbani, udongo niliumwaga kwa mkono wangu."

"Sikusema amezikwa hapa. Nimesema jina lake."

Mshonaji alilitaja. Karani alianza tena kushuka na kidole, safari hii taratibu, na redio akaizima kabisa. Alipofika alipofika, hakushangilia.

"Kuna mtoto," alisema. "'Mtoto wa kiume wa...' halafu majina hayo mliyotaja, yote mawili. Umri, siku moja. Aliyeleta maiti, ndugu wa baba. Jina lake hakuliandika."

"Tarehe?"

Alisoma tarehe. Ilikuwa ya juma lile lile ambalo bibi alivuka kizingiti.

"Lakini baba yangu hakuwa na mdogo wake," Mshonaji alisema.

"Alikuwa naye," Mpelelezi alijibu. "Kwa siku moja."

Mshonaji alitazama ule mstari uliokuwa chini ya kidole cha Karani.

"Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba bibi alikuwa mjamzito," alisema mwishowe. "Hakuna. Hata kwa utani."

"Yuko kitalu gani?" Mpelelezi aliuliza.

"B. Safu ya ukuta wa kiwanda." Karani alikunja uso. "Hapana. Hapa pana kosa. Kitalu B ni cha watu wazima. Watoto wako kule kwenye uzio, tangu makaburi haya yafunguliwe. Mtoto hazikwi B."

"Huenda ni kosa," Mpelelezi alisema, akisimama. "Twende tukalione hilo kosa."

*

Walipita kwanza kwenye uzio. Mpelelezi alitaka kuona kaburi la mtoto lilivyo kabla ya kuona lisilofanana nalo. Vilima vilikuwa vidogo vidogo, vimebanana, na kila kimoja kilizungushiwa mawe machache. Mtu mzima angeweza kukiruka bila kukaza mwendo.

Kitalu B kilikuwa upande wa pili. Kiwanda nyuma ya ukuta kilitoa mngurumo mmoja usiopanda wala kushuka. Karani alitangulia, akifuta namba za bati kwa soli ya kiatu, mpaka akasimama.

"Namba ndiyo hii."

Mawe yalizunguka kaburi pande zote, yamezama katika udongo lakini hayajapoteza mstari. Mshonaji hakuambiwa la kufanya. Alivuta utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake tangu asubuhi, akampa Karani ncha moja ashike upande wa kichwa, akarudi kinyumenyume hadi upande wa miguu. Akasoma. Kisha akasimama kando ya mawe, wima, akajilinganisha.

"Mama, usije ukalala humo," Karani alisema. "Watu huanza hivyo hivyo."

"Ni refu kunishinda mimi."

"Na udongo wa hapa ni mawe matupu. Kaburi la kichanga huchimbwa likaisha kabla ya chai. Hili lilimtoa mtu jasho."

"Mchimbaji wenu anaweza kutoka jasho bure?" Mpelelezi aliuliza.

"Hapa? Hata kwa malipo ananuna."

"Na kama lilichimbwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye hakuletwa, mtoto akapewa?"

Karani alitikisa kichwa. "Afande, kaburi la mtu mzima humngoja mtu mzima. Hao hawajawahi kukosekana."

Mpelelezi alichutama. Alipitisha mkono juu ya mawe, moja baada ya jingine, kutoka kichwani hadi miguuni. Yote yalikuwa ya aina moja, yamezama kiasi kimoja. Hakuna aliyelirefusha kaburi baadaye. Lilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza.

"Kaburi moja, mstari mmoja," alisema. "Mstari una mtoto. Kaburi lina zaidi ya mtoto."

"Furushi," Mshonaji alisema ghafla. Bado alikuwa ameshika utepe. "Vile vitambaa. Mwanamke anayemfuata mwanamume hachani mashuka juma zima. Anabeba nguo nzuri, anabeba wanja. Vitambaa vikuukuu, vilivyofuliwa vikawa laini, ni vya mtoto. Mimi nimevishona hivyo maisha yangu yote, nikakaa pale kwenye kigoda nikasikia, na bado sikuelewa."

"Na kushika ukuta?"

"Madaha!" Mshonaji alitema mate pembeni. "Uchungu ulikuwa umemshika. Alikuwa anakwenda hospitali kujifungua."

"Na mama mkwe anamkataza. Kwa nini? Mama mkwe gani hataki mjukuu wake azaliwe salama?"

Karani alikuwa amepiga hatua kadhaa nyuma, kama anayetafuta namba nyingine. Mshonaji aliukunja utepe polepole kuzunguka vidole.

"Mama mkwe aliyekuwa mkunga," alisema. "Mkunga wa eneo zima. Kwetu husimuliwa hadi leo. Wake wote wa nyumba ile walizaa mikononi mwake, na alijisifu kwamba hajawahi kupoteza mzazi hata mmoja. Mkaza mwana akienda kuzalia hospitali, watu watasemaje?"

"Na akifa huko?"

"Basi hakwenda hospitali. Katoroka."

Mpelelezi alisimama, akakung'uta magoti. "Hilo ndilo ninaloliamini. Kuliamini hakutoshi. Babu yako atasema kaburi ni la mtoto na karani wa zamani alikuwa mlevi, na mbele ya ukoo wenu atashinda. Nahitaji mtu aliyekuwepo."

"Waliokuwepo wamekwisha."

"Aliyeleta maiti ni ndugu wa baba. Babu yako alikuwa na ndugu wangapi wa kiume?"

"Watatu. Wawili tumewazika." Mshonaji aliacha kukunja utepe. "Wa tatu anamenya machungwa."

"Sikiliza vizuri, basi. Tukifika kwa Mchongaji, utasema tumepata kaburi la mtoto wa kiume wa babu yako. Uishie hapo. Usitaje umri, usitaje mahali, usitaje bibi. Ukiongeza neno moja, umemsaidia."

"Nikishindwa kujizuia?"

"Uma ulimi. Wewe ni mshonaji. Huwezi kushindwa kushona mdomo."

Karani aliwaandikia nakala, akaipiga muhuri mara mbili, wa pili kwa furaha yake mwenyewe.

*

Karakana ya Mchongaji ilikuwa nyeupe yote kwa vumbi: meza, kamba za umeme, hata kope za Mchongaji. Jiwe la ukoo liliegemea ukuta, limelainishwa, na mistari ya juu ilikuwa imekwisha kuchongwa. Mwenyekiti alikuwa amekaa mbele yake kwenye kiti alicholetewa kutoka nyumbani, na orodha mkononi. Kiti cha pili hakikuwepo.

"Shikamoo, Babu," Mshonaji alisema. "Tumepata kaburi."

Mashine ya Mchongaji ilipunguza sauti.

"La nani?"

"La mtoto. Mtoto wa kiume wa babu yangu."

Mwenyekiti alimtazama kidogo. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeogopa bure.

"Hilo ndilo kaburi lenyewe? Mwezi mzima mnazunguka, mnarudi na kichanga? Mtoto aliyeishi siku moja haandikwi kwenye jiwe la ukoo. Mngeniuliza, ningewaokolea nauli ya mjini."

Mchongaji alizima mashine.

"Nani amekwambia siku moja, Mzee?" Mpelelezi aliuliza.

"Nini?"

"Mjukuu wako amesema mtoto. Hakutaja umri. Huenda aliishi mwezi, huenda mwaka. Na hakusema tumempata mjini. Huenda tumempata nyuma ya nyumba yenu. Wewe umetaja vyote viwili."

"Watoto wa zamani walikuwa wanakufa siku ya kwanza. Kila mtu anajua."

"Na walikuwa wanazikwa nyumbani kwao. Kila mtu anajua hilo pia." Mpelelezi alimpa ile nakala. Mwenyekiti hakuipokea, na karatasi ikabaki kati yao. "Hapa pameandikwa: aliyeleta maiti, ndugu wa baba. Ndugu zako wawili wamo kwenye orodha yako, hawawezi kujibu. Wewe unaweza. Kaburi lile lina urefu gani, Mzee?"

Mwenyekiti alitazama jiwe.

"Nimelipima, Babu," Mshonaji alisema. "Linanishinda urefu. Kichanga cha siku moja kilitaka nafasi yote ile ya nini?"

"Msiniulize kama mwizi!" Mwenyekiti aligonga mkono wa kiti. "Mnamjua mama yangu ninyi? Nusu ya watu wanaotembea barabarani hapo alikata vitovu vya baba zao. Alikesha na yule mwanamke. Usiku kucha, na kesho yake hadi mchana, alikuwa naye chumbani, hakula, hakulala! Kisha yule anainuka, anabeba vitambaa vyake, anasema anakwenda kwa madaktari. Mbele ya watu! Baada ya yote yale!"

Mchongaji, ambaye hakuwa wa ukoo, alivua kofia yake ya vumbi, akaishika.

"Usiku kucha, na kesho yake hadi mchana," Mshonaji alirudia. "Na hospitali iko mwendo wa kwa miguu."

"Hakufia mikononi mwa mama."

"Kweli. Mama yako alimwachia kifo, akakibeba mwenyewe hadi hospitali."

"Chunga ulimi wako! Unamtukana marehemu."

"Marehemu wangu mmemtukana tangu kabla sijazaliwa. Baba yangu alikuwa anasimama barabarani kila lori likipita, Babu. Mtu mzima, na watoto wake. Anatazama nani amekaa kiti cha mbele. Ulikuwa unamwona. Ulikuwa unajua kaburi liko wapi, na ulikuwa unamwona."

Mwenyekiti alipangusa paji la uso. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini, sauti ya kikao cha watu wawili.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Jina liandikwe. Nimekubali. Tutawaambia watu aliugua safarini, Mungu akamchukua, tumepata habari juzi juzi tu. Bibi yako ataheshimika, mama yangu ataheshimika. Tusianikane. Damu yetu ni moja."

"Mlipokuwa mnasema katoroka, damu ilikuwa ngapi?"

"Ukoo mzima utakusema."

"Umenisema tangu navaa sare za shule. Nimeota sugu."

"Nitalikataa mbele ya kikao."

"Likatae. Kanuni ni yako: jina, na kaburi. Nimeleta vyote, tena na mihuri miwili. Ukitaka kubadili kanuni leo, ueleze kwa nini. Mimi nitakuwepo, na Afande atakuwepo, na yule karani wa makaburi nitamlipia nauli aje na daftari lake kwapani."

Mwenyekiti alimgeukia Mpelelezi, kama mtu anayetafuta mkubwa mwenzake chumbani. Mpelelezi alikuwa ameikunja nakala na kumkabidhi Mchongaji.

"Kazi yangu ilikuwa kutafuta kaburi," alisema. "Nimelipata. Yaliyobaki ni ya wenyewe."

Mchongaji alisoma nakala, akauliza jina la bibi, akatajiwa. Aliliandika kwa chaki kwenye kipande cha bati, akahesabu herufi kwa macho. Kisha akalitazama jiwe. Mstari wa kwanza kabisa, uliochongwa asubuhi ile, ulikuwa jina la mama yake Mwenyekiti, na chini yake maneno yaliyochaguliwa na mwanawe: *Mkunga. Hakupoteza mzazi hata mmoja.*

"Mama," Mchongaji alimwambia Mshonaji kwa upole, "haya maneno yanafutika. Ni kusaga kidogo tu. Hayajaingia ndani sana."

Mwenyekiti alishika mikono ya kiti kwa nguvu.

Mshonaji alilisogelea jiwe. Alisoma ule mstari mpaka mwisho, kwa midomo, bila sauti.

"Yaache," alisema. "Usifute hata herufi moja. Wajukuu wakitaka kujua alijisifu nini, wasome. Bibi yangu mwandike jina lake kamili. Halafu: *Alikwenda kujifungua. Amezikwa mjini pamoja na mwanawe.*"

"Nimwandike wapi? Kuna nafasi kando ya mumewe, na kuna nafasi huku chini, kubwa kabisa."

"Hapo juu. Mstari unaofuata huo."

"Karibu na mkwe wake?"

"Ubavuni kwa mkwe wake," Mshonaji alisema. "Wana maneno hawakuyamaliza."

Mwenyekiti alifungua mdomo. Mchongaji alimwaga maji juu ya jiwe, akashusha kofia usoni na kuwasha mashine. Alichosema mzee hakikusikika, na vumbi jeupe lilianza kupanda.